NENO KWA VIJANA NA WAZAZI: WIMBO USIWE JIWE

Masomo: 2 Samweli 12:1-13, Waroma 1:18 hadi 2:4, Yakobo 3:1-12



Wazazi wengi wanatuuliza maswali mawili, nayo yanafanana kama mapacha. La kwanza ni hili: vijana wetu wanapenda rap, na ndani ya rap kuna matukano mengi juu ya wanaume wanaopendana na wanaume, na wanawake wanaopendana na wanawake. Wengine wanafika hata kuimba kwamba watu hao wapigwe, wachomwe, wafukuzwe. Je, wimbo wa namna hiyo ni mwema kwa kuwa unapinga dhambi? La pili: wako wanamuziki wakubwa wa ng'ambo wanaojisifu mbele ya dunia nzima kwa mambo hayo hayo, na wanachanganya alama za Mungu na alama za Shetani ili watu washtuke. Mtoto wa Mungu afanye nini picha hizo zinapomfikia katika simu?

Tutajibu pole pole, na Maandiko yatutangulie.

1. Manabii nao walishtusha watu

Tusianze kwa kusema kwamba kila neno linaloshtusha linatoka kwa Mwovu. Isaya alitembea bila nguo na bila viatu miaka 3, awe ishara kwa Misri na Kushi (Isaya 20). Yeremia alijivika nira shingoni (Yeremia 27). Ezekieli alilala kwa ubavu mmoja siku 390 mbele ya tofali lililochorwa mji wa Yerusalema (Ezekieli 4). Watu wa siku zile waliwacheka, wakawaita wenda wazimu.

Nasi Wakongo tunayo historia yetu. Simon Kimbangu alianza kazi yake kule Nkamba Aprili 1921. Hakuwa na bunduki. Lakini wakubwa wa Kibelgiji waliziogopa nyimbo za waamini wake kama mtu anavyoogopa silaha. Tarehe 3 Oktoba 1921 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo. Mfalme Albert akaibadilisha hukumu iwe kifungo cha maisha, na Kimbangu akakaa gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, hata alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Ni miaka 30. Kwa hiyo sisi watu wa makanisa yaliyozaliwa Afrika hatupaswi kuwa wa kwanza kupiga kelele kwamba mwimbaji afungwe kinywa kila mara anapoimba jambo lisilotupendeza.

Rap yenyewe ilizaliwa kati ya watu waliodharauliwa. Inahesabiwa tangu sherehe ya tarehe 11 Agosti 1973 katika Bronx, New York, ambamo DJ Kool Herc, kijana mwenye asili ya Jamaika, alipiga sahani za muziki. Watoto wa mitaa ile maskini walikuwa hawana gazeti wala redio, wakafanya kinywa chao kiwe gazeti. Na hapa kwetu, Novemba 2021, tume ya Serikali inayokagua nyimbo ilipiga marufuku wimbo wa kundi MPR na wimbo wa mwana-rap Bob Elvis, zilizosema juu ya maisha magumu ya raia na juu ya watawala. Watu walilalamika, na marufuku ya wimbo wa MPR ikaondolewa upesi. Rap inayouliza wakubwa maswali ni jamaa ya Natani.

2. Kipimo cha Natani

Sasa tumtazame huyo Natani. Daudi alimchukua Batsheba na akamwua mume wake. Mungu akamtuma nabii. Nabii akaenda wapi? Hakwenda sokoni kumtukana Batsheba. Hakusimama njia panda akaimba juu ya mwanamke yule ili watoto wacheke. Aliingia nyumba ya mfalme, mbele ya mtu aliyeweza kumkata kichwa, akamwambia habari ya kondoo mmoja wa mtu maskini.

Hapo tunapata kipimo chetu, wapendwa. Mtu anapoimba neno kali, tumwulize maswali mawili. Anampiga nani? Na gharama inalipwa na nani? Nabii anampiga mwenye nguvu, na gharama anailipa mwenyewe. Yeremia alitupwa shimoni. Yoane Mbatizaji alikatwa kichwa. Lakini anayeimba matukano juu ya watu ambao mtaa wote umekwisha kuwacheka anampiga asiye na mtetezi, na gharama inalipwa na huyo aliyepigwa. Mwimbaji halipi kitu. Yeye anapigiwa makofi na kupewa pesa. Huo si unabii, hata akitaja jina la Bwana katika kila ubeti.

3. Neno hilo linampiga nani hapa Bukavu?

Sikilizeni vizuri vijana wanapotupiana lile tukano la Kifaransa tunalolijua wote. Mara nyingi hawasemi juu ya dhambi yoyote. Wanamtupia mvulana mwenye sauti nyembamba. Wanamtupia anayeosha vyombo ili kumsaidia mama yake, anayekataa kupigana, anayelia kaburini. Byron Hurt, Mwamerika mweusi aliyekulia katika muziki huo na kuupenda, alitoa filamu mwaka 2006 akiwauliza wana-rap na vijana juu ya jambo hili. Alionyesha jinsi wanaume wengi wanavyovaa ukali kama koti, kwa kuogopa kuitwa wanyonge. Tukano lile ni fimbo ya kuwatisha wanaume wote wasionyeshe huruma.

Lakini hapa kwetu fimbo hiyo inaanguka juu ya kidonda kingine. Mji huu unajua vita vilivyofanya nini juu ya miili ya watu. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imepokea maelfu na maelfu ya wanawake walioharibiwa kwa nguvu, na kwa kazi hiyo daktari alipewa tuzo ya Nobeli ya amani mwaka 2018. Jambo linalosemwa kwa sauti ndogo ni kwamba hata wanaume walitendewa hivyo na watu wenye silaha. Mwaka 2009 magazeti ya dunia yaliandika habari za wanaume wa Kivu waliobakwa, na jinsi walivyorudi vijijini wakachekwa, wakaitwa wanawake. Wengi wao walinyamaza. Hawakumwambia mke, hawakumwambia mchungaji, wala hawakwenda kwa daktari, kwa sababu waliogopa neno moja tu, lile lile ambalo kijana wa studio analitafutia vina.

Basi, wewe kijana wa korali, unaposhika kipaza sauti na kulitupa neno lile katikati ya watu, unajua nani amekaa kwenye benchi la nyuma? Labda ni baba mwenye watoto 6 aliyepita msituni na hajasema. Labda ni mtoto wa miaka 15 ambaye moyo wake unamsumbua na hana wa kumwuliza. Wewe umerusha jiwe gizani, ukacheka. Yeye ndiye aliyepigwa.

4. Sisi wa kando ya Ruzizi tunajua wimbo unaweza nini

Wengine watasema: ni mchezo tu, ni muziki. Tunawajibu: sisi tunaokaa kando ya Ruzizi hatuna ruhusa ya kusema hivyo. Julai 1994 mji wetu ulijazwa na watu waliovuka mto kutoka Rwanda. Kabla ya hapo, redio ya ng'ambo ile ilikuwa imepiga nyimbo miezi mingi, na kati ya nyimbo hizo zilikuwamo za Simon Bikindi, mwimbaji aliyependwa sana. Mahakama ya Umoja wa Mataifa kule Arusha ilimhukumu tarehe 2 Desemba 2008 kifungo cha miaka 15. Tena mwangalie jambo hili: mahakama ilisema nyimbo zake zilitumiwa kueneza chuki, lakini kosa lililomfunga ni maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti juu ya gari, njiani, Juni 1994, akiwachochea watu kuua. Njia kutoka kwenye wimbo wa kudharau watu mpaka kwenye neno la kuwaua ilikuwa fupi kwa kinywa kile kile.

Hatusemi kwamba kila anayetukana ni mwuaji. Tunasema kwamba mauaji hayaanzi na panga. Yanaanza siku ile watu wanapozoea kumwita mwenzao kwa jina la uchafu, na wengine wanacheka. Yakobo anatufundisha kwamba ulimi ni moto mdogo unaowasha msitu mkubwa, na kwamba haifai kinywa kimoja kimbariki Mungu na kumlaani mtu aliyeumbwa kwa mfano wake. Yakobo hakuweka orodha ya watu wanaoruhusiwa kulaaniwa. Wazee nao walisema: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

5. Majirani zetu watufundishe

Kule Kampala, Oktoba 2010, gazeti moja lilichapa picha na majina ya watu lililodai kuwa ni mashoga, pamoja na maneno ya kutaka wanyongwe. David Kato alikuwa mmoja wao. Yeye na wenzake wawili wakalishtaki gazeti, wakashinda mwanzo wa Januari 2011. Tarehe 26 ya mwezi ule ule Kato aliuawa nyumbani kwake kwa nyundo. Mahakama ilimfunga mwuaji miaka 30, na watu walibishana juu ya sababu za mauaji. Lakini yaliyotokea mazikoni hayana ubishi. Mhubiri aliyesimama mbele ya sanduku aliyageuza mahubiri kuwa mashtaka juu ya waliokuja kulia. Kipaza sauti kikanyang'anywa. Watu wa kijiji wakakataa kumzika marehemu, na rafiki zake wakalibeba sanduku wenyewe. Ndugu wahubiri, tujiulize mbele za Mungu: Yesu alipofika kaburini kwa Lazaro, alifanya nini? Alilia.

Bobi Wine, mwimbaji wa Uganda, aliimba zamani nyimbo kali juu ya mashoga. Mwaka 2014 alinyimwa ruhusa ya kuingia Uingereza kwa ajili ya nyimbo hizo. Miaka michache baadaye aliingia siasa, na tangu mwisho wa 2017 polisi walizuia matamasha yake mwenyewe. Agosti 2018 alikamatwa Arua, na alipoletwa mahakamani alitembea kwa magongo. Hatusemi hivyo ili kumcheka katika mateso. Tunawaonya vijana: mkono unaozoea kuwapiga walio chini haukawii kukugeukia wewe. Baadaye yeye mwenyewe alisema hadharani kwamba amejifunza kuwavumilia watu wasiofanana naye.

Hata Marekani, ambako matukano hayo yalijaa katika rap, wengine walianza kujisahihisha. Kanye West alisema katika televisheni mwaka 2005 kwamba wana-rap waache kuwadharau mashoga, akamtaja binamu yake. Mwaka 2017 Jay-Z alitoa wimbo juu ya mama yake mzazi, ambaye alificha maisha yake miaka mingi. Lakini Kanye huyo huyo, mwaka 2022, aliugeuza ulimi juu ya Wayahudi, na kampuni kubwa zikavunja mikataba naye. Ni kweli, Yakobo alisema hakuna mtu anayeweza kuufuga ulimi. Umefundishwa kumheshimu jirani mmoja, kesho unamwuma jirani mwingine. Kila siku unahitaji lijamu.

6. Wanaochezea vitu vitakatifu

Tuje kwa swali la pili. Machi 2021 mwana-rap Lil Nas X wa Marekani, ambaye mwaka 2019 alitangaza kwamba yeye ni shoga, alitoa video ambamo anashuka kuzimu na kucheza mbele ya Shetani. Pamoja na video kulitoka viatu jozi 666, ambavyo watengenezaji walisema vimetiwa tone la damu ya mtu. Kampuni ya Nike ilikwenda mahakamani kwa kuwa viatu vyake vilitumiwa bila ruhusa, na viatu vyenyewe viliisha kununuliwa upesi sana. Wakristo wa nchi nyingi walikasirika, na video ikasambaa kila mahali.

Sisi tunasema wazi: picha hizo zinatuumiza. Shetani kwetu si mchezo, na vita vyetu naye ni vya kila usiku wa maombi. Lakini tuwape mashauri mawili.

Shauri la kwanza: anayechokoza anaishi kwa hasira yako. Wewe unayetuma video katika simu 20 ukiandika "tazameni uchafu huu" umekuwa mtembezaji wa bidhaa yake, na hata mshahara hujapata. Kule Kenya, Februari 2016, baraza la kukagua filamu lilipiga marufuku wimbo "Same Love" wa kundi Art Attack, uliotetea mashoga, likaiomba Google iuondoe katika YouTube. Watu ambao hawakuwa na habari ya wimbo ule wakaanza kuutafuta. Mwaka 2018 filamu "Rafiki" ya Wanuri Kahiu, juu ya wasichana wawili wanaopendana, nayo ilipigwa marufuku. Mahakama Kuu ilipofungua mlango siku 7 Septemba ile, majumba ya sinema Nairobi yalijaa. Anayetaka kuzima moto asipige upepo.

Shauri la pili ni gumu zaidi. Kijana yule alipotoa wimbo wake alitoa pia barua aliyojiandikia yeye mwenyewe wa miaka 14, mtoto aliyeahidi kufa na siri yake. Basi nyuma ya kelele zile yuko mtoto aliyeogopa. Mchungaji anayesikia kelele tu, na kilio asikisikie, huyo amesikia nusu. Hatukubali alichokifanya na vitu vitakatifu. Lakini tuulize: ni watoto wangapi wa miaka 14 wanakaa katika makanisa yetu na hofu hiyo hiyo, na siku moja watachagua kati ya kimya cha kaburi na ukali wa kutuchokoza?

7. Msisome mlango mmoja mkafunga kitabu

Fundisho la kanisa letu juu ya ndoa mnalijua, nasi hatulibadilishi: mume mmoja na mke mmoja. Hata Katiba ya nchi ya mwaka 2006, kifungu cha 40, inataja ndoa ya watu wa jinsia mbili. Lakini wengi wanaosoma Waroma mlango wa 1 kwa sauti kuu wanafunga kitabu hapo. Paulo hakufunga. Mlango wa 2 unaanza kwa kumgeukia yule aliyekuwa akisema "amina, wapige!" na kumwambia kwamba hana udhuru, kwa kuwa naye yumo. Tena anasema ni wema wa Mungu unaomvuta mtu atubu. Hakusema ni matukano. Hakusema ni fimbo.

Sheria ya adhabu ya Kongo haikuweka kifungu kinachotaja watu hawa kwa jina, na mapendekezo yaliyopelekwa bungeni mwaka 2010 na 2013 hayakupita. Lakini hata kama sheria ingekuwa kali kama ile ya Uganda ya Mei 2023, ambayo imefika mpaka hukumu ya kifo kwa makosa fulani, kanisa si polisi. Yesu alipoletewa mwanamke aliyefumaniwa, sheria ilikuwa upande wa wenye mawe. Yeye aliinama akaandika chini, na mawe yakaanguka moja moja, kuanzia kwa wazee.

8. Maagizo

Kwa vijana wa korali na wa rap: imbeni juu ya wizi wa mali ya umma, juu ya barabara mbovu, juu ya wenye silaha wanaokula jasho la mama wa Kadutu. Hayo yanahitaji moyo wa Natani. Lakini wimbo wowote unaoita watu wapigwe, au unaowataja kwa jina la uchafu, usiingie katika ibada wala katika sherehe za kanisa.

Kwa wazazi: mtoto akikuambia jambo zito juu ya moyo wake, usimfukuze usiku. Mji huu umepita mengi, toka Oktoba 1996 hata Februari 2025, na mtoto aliye njiani ni wa kwanza kuokotwa na wenye bunduki. Mlishe, mketishe, ombeni pamoja.

Kwa wahubiri na watumishi wa maombi: mtoto akiletwa kwenu kwa sababu hiyo, asifungwe kamba, asichapwe, asinyimwe chakula, asiitwe mchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Na kabla ya sheria hiyo kulikuwa na neno la Yesu juu ya jiwe la kusagia shingoni mwa anayemkosesha mdogo mmoja (Matayo 18). Mwekeeni mikono ya upole, kama tunavyotaka sisi tuwekewe.

Na kwa ninyi mnaobeba siri ya yale mliyotendewa katika vita: mlango wa wazee uko wazi. Mliyotendewa si dhambi yenu, na kanisani hamtaitwa kwa jina la aibu.

Mungu aliyegusa midomo ya Isaya kwa kaa la moto aguse na midomo yetu, ili wimbo unaotoka Bukavu uwe dawa kwa walioumizwa. Amina.